Mtani Aliyeua Kwenye Filamu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Tabora ilikuwa na baridi kavu ya kipupwe. Upepo wa mashariki ulipeperusha vumbi la barabara ya stesheni, na angani hapakuwa na wingu hata moja. Niliwasha jiko nikiwa nimejifunga khanga mbili, nikamalizia fungu la mwisho la rozari wakati maji ya chai yakianza kuchemka. Nilimwomba Mungu jambo dogo tu: anipe ujasiri wa kuwauliza watu maswali.

Maswali yenyewe yalikuwa ya shule. Mimi ni mama ntilie, na sasa ni bibi wa wajukuu, lakini jioni nasoma masomo ya sekondari pamoja na watu wazima wenzangu. Nilipokuwa binti wa Kinyamwezi kule Bukene shule ilinipita. Sikuisahau, nayo nadhani haikunisahau. Mwalimu Wenceslaus, anayetufundisha Kiswahili, alitupeleka Ijumaa jioni kutazama filamu iliyotengenezwa na vijana wa hapa hapa mjini. Tulipotoka akatupa kazi: kila mmoja awaulize watazamaji wameionaje.

"Mtu akisema ni mbaya, msiondoke," alisema. "Muulizeni kwa nini. Akijibu, muulizeni tena kwa nini. Hapo ndipo mtu anapoanza kusema."

Filamu iliitwa *Kofia ya Marehemu*. Aliyeitengeneza ni Shamila, binti wa Gongoni, pamoja na rafiki zake wachache, kwa kamera ya kuazima na bila kampuni yoyote nyuma yao. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, na ile nyeusi ndiyo ilikuwa nyingi. Mpelelezi mmoja mwenye uso wa kuchoka anashuka kwenye treni, kavaa koti refu, kuja kuchunguza kifo cha mfanyabiashara wa asali. Kila anayemuuliza anamficha jambo. Mwanga unapita kwenye mbao za madirisha na kukata nyuso za watu vipande vipande, na muda wote tunaisikia sauti ya mpelelezi akijisemea moyoni, kama mtu anayesali bila kutaja jina la Mungu.

Kisha yanakuja mazishi. Anatokea mzee, anaivaa kofia ya marehemu, analala kaburini na kugoma kutoka, anacheka huku wafiwa wakilia. Mpelelezi anamtazama, halafu anamnong'oneza askari: "Yule."

Ukumbi mzima ulicheka. Tulicheka mpaka tukapigana mabega. Yule mzee alikuwa mtani! Mgeni gani huyu asiyejua mtani? Na aliyeigiza alikuwa Mzee Uwesu, fundi bati, babu yake Shamila, ambaye kazi hiyo ndiyo anayoifanya hata bila kamera. Uwesu ni Mzaramo. Wazee wake walifika hapa Unyanyembe kwa miguu na misafara ya kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia ile ilipokuwa ikikanyagwa na wapagazi, na hapa mjini Mnyamwezi akifa, Uwesu haitwi. Anafika tu. Anawatukana wafiwa, anachukua kofia ya marehemu au khanga yake, anatangulia kulala kaburini na hatoki mpaka apewe kitu, na hata mjane anacheka huku machozi yakimtoka.

Basi tulicheka. Mwishoni mwa filamu ikawa kwamba mpelelezi alikuwa amesema kweli. Muuaji alikuwa yule mtani. Damu ilikuwa ndani ya kofia, na aliichukua mchana mbele ya kila mtu, kwa sababu hakuna anayemuuliza mtani kwa nini amechukua. Mpelelezi hakuwa na ushahidi. Alipanda treni akaondoka, na picha ya mwisho ilikuwa Mzee Uwesu jukwaani stesheni, kofia kichwani, akicheka kicheko kile kile tunachokijua sote.

Taa zilipowaka hakuna aliyepiga makofi. Mtu nyuma yangu alisema, "Astaghfirullah." Tukatoka bila kutazamana.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa na hamu ya kusikia watu watasema nini.

Wa kwanza alikuwa Nassibu wa bodaboda, aliyeagiza chai ya rangi na chapati mbili.

"Mama Sixbert, mimi mwanzoni nilidhani projekta imekufa," alisema. "Nikasema watarekebisha, rangi itakuja. Mpaka mwisho rangi haikuja!"

"Kwa hiyo ni mbaya?"

"Mbaya. Na lile koti! Tabora hii, mtu anatembea na koti kama blanketi. Huyo ndiye wa kukamatwa."

"Ukiacha koti, kwa nini ni mbaya?"

Nassibu alitafuna. "Muuaji hakufungwa. Mtu ameua, anacheka, treni inaondoka. Sasa mimi nimekwenda kutazama nini?"

Msafiri mmoja kutoka Usinge, ambaye naye alikuwa ukumbini akisubiri treni ya siku inayofuata, aligeuka kwenye benchi. "Mimi nimeipenda," alisema. "Huko kwetu watu wanakufa na hakuna anayefungwa. Angalau hawa wamesema ukweli."

"Wewe umeipenda kwa sababu huyo mzee humjui," Nassibu akamwambia. "Sisi anatutengenezea majiko."

Nilipowamiminia chai ya pili nikagundua jambo. Walibishana kuhusu koti, giza na polisi, lakini kila njia waliyopita ilirudi kwa Mzee Uwesu. Nilitaka kuuliza kwa nini, kama nilivyoagizwa, lakini hapo hapo Anifa muuza vitumbua alifika mbio, ameshika sinia tupu.

"Mmesikia? Bibi Kalunde amefariki alfajiri."

Nikafanya ishara ya msalaba. Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi mzee wa Kwihara aliyejulikana mji mzima kwa ulimi wake, na mwenziwe wa ulimi alikuwa Uwesu. Wakikutana sokoni watu waliacha kununua wawasikilize. Yeye alimwita Uwesu mzigo uliosahauliwa na msafara. Uwesu alimwita punda aliyekataa kuubeba. Na bibi alikuwa na msemo aliourudia kila mara: "Nikifa, Mzaramo, usiponitukana kaburini nitarudi nikukumbushe."

"Leo Uwesu ana kazi," alisema Nassibu.

"Hana," Anifa alijibu, akishusha sauti. "Mwanawe Elieza ametuma ujumbe. Mzee Uwesu akija, aje kama watu wengine. Hataki utani kwenye kaburi la mama yake. Wengine nao wamesema hivyo hivyo, kwamba kuanzia sasa hawamtaki misibani kwao."

"Kwa sababu ya filamu?"

"Kwa sababu ya filamu."

Chai ilichemka ikamwagika jikoni na sikuiona.

*

Mchana nilimwachia Anifa kibanda nikaenda Kwihara kutoa pole. Elieza, mtoto wa kwanza wa marehemu, ni mzee wa kanisa la Moravian na mtu mtaratibu sana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume, macho mekundu.

"Shikamoo, kaka Elieza. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mama Sixbert. Tumekwisha kupoa."

Nilikaa. Nilisali moyoni. Nikasema, "Kaka, nisamehe. Nilikuona Ijumaa kule ukumbini. Ile filamu umeionaje?"

Mzee mmoja aligeuka akanitazama kama nimetema mate.

"Umeleta kazi ya shule msibani?" Elieza aliuliza.

"Nimeleta pole, kaka. Swali limenifuata lenyewe."

Alitoa pumzi kama mtu anayetaka kucheka ila hana nguvu. "Ni mbaya," alisema.

"Kwa nini?"

"Imeudhalilisha utani. Mila ya wazee, wao wanaitia damu."

"Hilo nimelisikia. Lakini mtu akiigiza mchungaji mwizi, wewe huachi kwenda kanisani. Kwa nini hili limekuuma hivi?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitazama mlango wa nyumba ambamo wanawake walikuwa wakiimba polepole.

"Nilicheka," alisema. "Yule mpelelezi alipomnyooshea kidole mtani, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Ulinisikia. Nilipiga kelele, 'Mgeni huyo, hajui kitu!' Halafu ikawa kweli. Sasa kesho Uwesu akilala kwenye kaburi la mama, mimi nitafanya nini? Nitacheka, au nitamchunguza macho? Sitaki kumchunguza mtu siku ya kumzika mama yangu. Bora asilale."

"Mimi pia nilicheka, kaka," nilisema.

"Najua. Ulikuwa karibu nami." Akafuta uso kwa kiganja. "Nenda kawasaidie wanawake, mama Sixbert. Swali lako limekwisha."

Nilikwenda nikamenya viazi. Lakini swali halikuwa limekwisha. Nilikuwa nimefikiri watu wamemkasirikia Uwesu kwa sababu wamechanganya filamu na maisha. Sivyo. Hakuna hata mmoja aliyedhani Uwesu ameua. Walichogundua ni kwamba walikuwa wamemwamini bila kumtazama, na sasa waliogopa kumtazama. Sikujua kama hilo ni kosa la filamu au ni ubora wake, na bado najiuliza.

Wakati wa kurudi nilipitia Gongoni. Mzee Uwesu alikuwa barazani akigonga bati la jiko, na Shamila amekaa kwenye kigoda, kompyuta mapajani, kope zimevimba.

"Mpagazi huyo," Uwesu alisema bila kuinua kichwa. "Leo umebeba nini?"

"Nimebeba swali, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Litue hapo, lisikuvunje shingo."

Utani ulikuwepo, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayesukuma mlango uliofungwa.

"Filamu umeionaje?"

"Nzuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waliniogopa." Alicheka kidogo. "Miaka yote hii sijawahi kumwona Mnyamwezi ananiogopa. Nikasema, kumbe Uwesu nawe ni mtu!" Akagonga bati mara moja, akaacha. "Tatizo ni kwamba taa zilipowaka wakaendelea."

Shamila akasema haraka, "Nimemwambia babu nitaukata mwisho. Mpelelezi awe amekosea. Muuaji awe mtu mwingine, awe karani, awe yeyote. Nitaionyesha tena, watu wafurahi."

"Hukati."

"Babu, wamekukataza kumzika Bibi Kalunde!"

"Wamenikataza kucheka. Kumzika hawawezi kunikataza." Akanigeukia. "Unajua alipokuja kuniambia, 'Babu, nataka uwe muuaji,' mama yake alisema kataa. Sasa mimi nawachezea watu siku iliyo mbaya kuliko siku zao zote. Naingia kwa mjane namwambia mumewe alikuwa mlafi. Halafu mjukuu wangu anataka kunichezea mimi, nikatae? Mtani asiyekubali kuchezewa ni mtukanaji tu."

"Na kesho utafanyaje?"

"Nitakwenda kama watu wengine. Ndivyo alivyosema Elieza. Nitakaa, nitalia, nitarudi. Kalunde atanisamehe." Kisha akasema kwa sauti ndogo, si kwangu wala kwa Shamila, "Hatanisamehe yule. Hakuwahi kusamehe hata bei ya mchicha."

Usiku huo sala yangu ilikuwa fupi. Sikujua nimwombe Mungu nini, kwa hiyo nilitaja majina yao matatu, Kalunde, Elieza na Uwesu, nikalala.

*

Jumapili, baada ya ibada, watu wengi walifika Kwihara. Mwalimu Wenceslaus alikuja, Nassibu alileta watu kwa pikipiki, na Shamila alikaa na wanawake akiwa amejifunika hadi machoni. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, karibu na njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli na mbuzi.

Mzee Uwesu alifika kwa miguu. Alivaa kanzu safi na kofia yake ya viua. Alimpa Elieza mkono, akasema, "Pole, bwana," akaenda kukaa mwisho wa mkeka. Watu waliokuwa wakizungumza walitazamana. Hawakuwahi kumsikia akimwambia Mnyamwezi neno "bwana."

Mchungaji alisoma, akasali vizuri sana. Jeneza likaletwa ukingoni. Kwa kawaida hapo ndipo Uwesu anapovuruga kila kitu. Wachimbaji wawili walisimama na kamba mikononi, wakisubiri bila kujua wanasubiri nini. Hakuna aliyelala kaburini. Hakuna aliyetukana. Shimo lilikuwa shimo tupu, na wote tuliliona.

Ndipo nikasikia sauti nisiyoifahamu. Mzee Uwesu alikuwa analia. Alilia kama mtoto, mabega yakimruka, ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mtani analia," alisema mwanamke mmoja. Mwingine akarudia kwa sauti kubwa, na mara kilio kikapasuka upande wa wanawake, kilio kibaya, kisicho na wimbo. Bibi mmoja alianguka. Mdogo wake Elieza akaanza kupiga kichwa ubavuni mwa jeneza, wakamshika. Wafiwa hulia kwa sababu wanajua kuna mtu mmoja pale ambaye halii, atakayewazuia wasizame. Siku hiyo hakuwepo. Mchungaji aliinua mkono watu watulie, hakuna aliyemwona.

Elieza alikuwa amesimama na konzi ya udongo. Alimtazama mdogo wake. Alimtazama Uwesu, akamtazama kweli, macho kwa macho, kwa muda mrefu, jinsi yule mpelelezi alivyomtazama kwenye filamu. Hicho ndicho kitu alichokuwa akikiogopa, na sasa alikifanya mbele ya watu wote. Kisha akaudondosha udongo, akapita katikati ya mikeka na kusimama mbele ya mzee. Akaichomoa ile kofia ya viua kichwani mwa Uwesu, akaivaa yeye. Ilikuwa ndogo, ikakaa utosini kama kifuniko cha chupa.

"Mpelelezi yuko wapi?" Elieza alisema kwa sauti ya kanisani. "Nimeiba kofia ya Mzaramo mchana kweupe! Mbona sikamatwi?"

Kilio kilikatika.

Uwesu aliinua uso uliolowa. "Iache hiyo kofia," alisema polepole. "Ina chawa waliotembea kutoka Bagamoyo. Wewe hawatakukubali. Kichwa kimekuwa bapa kwa kubebeshwa mizigo ya babu yangu."

Nassibu ndiye aliyecheka kwanza. Kisha mdogo wake Elieza, yule aliyeshikwa, akacheka huku kamasi zikimtoka. Kicheko kikapita kwa wanaume, kikavuka kwa wanawake.

"Babu yako alikuja hapa anabebwa!" Elieza akajibu. "Mpaka leo hajui njia ya kurudi!"

"Nirudi nimwachie nani Kalunde?" Uwesu alikuwa amekwisha simama. Alitembea hadi kaburini, wachimbaji wakampisha, akateremka na kanzu yake safi akalala chali chini. Tulisikia sauti yake ikitoka ardhini. "Ahaa! Pazuri, pana baridi. Huyu bibi alininyima chumvi, alininyima maji, na leo anataka kuninyima na chumba? Haingii mtu! Nalala mimi!"

Nilisogea ukingoni. Nikiri kwamba kwa kitambo kidogo nilimchunguza macho, kama Elieza alivyosema itakuwa. Nilitafuta kitu. Nilimwona mzee mwenye udongo kwenye ndevu, akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nikajua kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa namtazama namna hiyo daima, na kwamba si vibaya.

"Toka, mzee, jua linakwenda," mchungaji alisema, naye akificha tabasamu. "Unataka nini? Kuku?"

"Kuku wa kwao wamekonda kama mpelelezi. Sitaki."

"Unataka nini basi?"

"Nataka neno la huyo mwizi wa kofia. Alisema nije kama watu wengine. Nimekuja, mmeona yaliyotokea. Sasa atamke mbele yenu: mimi nikifa, atakuja kama watu wengine?"

Shamila alikuwa amejifunua uso. Mwalimu Wenceslaus alivua miwani. Elieza alisogea hadi ukingoni, akaishika ile kofia ndogo isianguke, akageuka ili sote tumsikie.

"Mimi Elieza, mtoto wa Kalunde, nasema mbele ya mchungaji, mbele ya ndugu zangu na mbele ya mama yangu aliyelala hapa: siku Uwesu atakapokufa, Mungu akinipa uhai, nitakwenda Gongoni bila kuitwa. Nitaivaa kofia hii hii. Nitawatukana wanawe na mjukuu wake huyu mpiga picha mpaka wasahau kulia. Na akitokea mtu mwenye koti refu akauliza mimi ni nani, nyote mtakuwa mashahidi, mwambieni anitazame vizuri, halafu mwambieni: huyo ni mtani."